Maji ya Miguu

Wiki nzima kabla ya safari, Orpah aliapa mbele ya kila mzazi aliyefika dukani kwake Kehancha kwamba hakuna kijana wa kwaya atakayetia tone la maji ya ziwa mdomoni. Aliapa kwa sauti, mkono juu, na mzee mmoja alipomkumbusha kwamba Waadventista hawaapi ovyo, alimjibu kuwa basi si kiapo, ni ahadi, na ahadi zake wanazijua. Redio ilikuwa imetangaza kipindupindu visiwani. Wazazi wengi walitaka safari ya kisiwa cha Remba ifutwe, na Maranga, ambaye binti yake Nyamusi ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza na ndiye mtoto wake wa pekee, hakuzungusha maneno.

"Mama Orpah, nakupa mtoto mzima. Nitamtaka mzima."

"Utampata mzima."

"Na nisipompata?"

"Utakuja kunidai mimi, si kwaya."

Maranga akakubali, kwa sababu Orpah hakuwa mtu wa maneno matupu. Alikuwa mjane anayeshona sare za shule, mlezi wa kwaya tangu vijana hao wakiwa bado wanaimba kwa sauti za watoto, na kwa usafi alikuwa amepitiliza. Vijana walimwita Mama Chemsha akiwapa mgongo. Alijua, na moyoni jina lilimfurahisha, ila asingewapa raha ya kuligundua hilo.

Maji ya safari aliyachemsha mwenyewe uani kwake, sufuria baada ya sufuria. Yalipopoa akayatia dawa juu yake, ile ya matone inayouzwa madukani, maana hakupenda kubahatisha, na yalipokuwa tayari yalinuka kama shuka za hospitali. Akayafungia kwenye mitungi ya plastiki, kila mtungi akaufunga kitambaa chekundu shingoni ili usije ukachanganywa na wa mtu mwingine. Dawa yenyewe iliishia hapo. Hakuona sababu ya kununua nyingine.

Walifika Remba Ijumaa mchana kwa boti kutoka Sindo. Remba ni mwamba uliovikwa mabati. Nyumba zimebanana kiasi kwamba mtu akikohoa kwake, jirani humwambia pole bila kuinua sauti. Omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa kila mahali palipobaki wazi, vyoo vilikuwa vya kutafuta, na pale boti zinapooshwa ndipo akina mama walipokuwa wakichota maji ya kupikia. Orpah aliyaona yote hayo kabla hajashusha mguu, na akajiambia kwamba alifanya vizuri kubeba mitungi.

Kanisa la kisiwani lilikuwa limejipanga ufukweni kuwapokea. Waliimba. Kisha mwanamke mmoja mrefu, kilemba cheupe kichwani, akasogea na sinia lenye jagi na vikombe vilivyosuguliwa vikang'aa. Huyo alikuwa Roseline, shemasi wa kike wa pale, na kumpa mgeni maji akiwa bado amesimama ni heshima ya kwanza.

"Karibuni maji, watoto wa Mungu."

Mirumbe, mwimbaji wa besi ambaye kiu yake haikujua adabu, tayari alikuwa amenyoosha mkono. Orpah akauteremsha.

"Asante sana, dada. Tumebeba yetu."

Wimbo ulikuwa umekwisha, kwa hiyo kila mtu alisikia. Roseline alibaki na sinia lake.

"Yetu iko na nini, Mama?"

Hapo ndipo Orpah alipopotoka, na kupotoka kwenyewe kulitokana na heshima. Angeweza kusema kipindupindu, neno ambalo kila mtu ufukweni alilijua. Lakini ni nani anayefika kwa watu akawaambia maji yao yanaua, hata kabla ya kuonyeshwa pa kulala?

"Hayana kitu," akasema. "Ni matumbo ya wageni tu, hayajazoea. Daktari wetu alisema maji ya ziwa yasitukaribie kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Roseline akaitikia kwa kichwa, akageuka na sinia lake. Hakununa, lakini alikuwa ameumia, na Orpah aliliona hilo na likamsumbua mpaka wakati wa chakula. Chakula hakikumpa shida. Samaki alikuja anachemka na ugali unatoa moshi. Kabla jua halijazama vijana walijaza chupa zao kutoka kwenye mitungi yenye vitambaa vyekundu, mitungi ikapangwa nyuma ya kanisa, na Sabato ikaingia.

Kilichowaleta Remba ni Meza ya Bwana ya mwisho wa robo ya mwaka. Kanisa la kisiwani lilikuwa limeikosa robo iliyotangulia kwa sababu ya upepo na mambo mengi ya huzuni, mazishi yakiwemo, na Mzee Mayaka, Mkisii mchuuzi wa omena ambaye ndiye mzee wa kanisa pale, alikuwa amepiga simu Kehancha mwenyewe kuomba kwaya. Alitaka siku hiyo iwe na uzito. Watu walikuwa wamenunua viatu.

Kabla ya Meza, Waadventista hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili. Desturi ni kwamba ukiwa na jambo na mtu, huyo ndiye unayemtafuta. Kwa hiyo Orpah hakushangaa Roseline alipomjia moja kwa moja uani nyuma ya kanisa, beseni mikononi na taulo begani. Alishukuru hata. Aliketi kwenye kigoda, akavua viatu, na Roseline akapiga magoti.

Pua ya Orpah ndiyo iliyojua kwanza. Maji yalipomiminika juu ya kifundo cha mguu, harufu ya shuka za hospitali ikapanda.

"Roseline, haya maji mmeyatoa wapi?"

"Ni yenu, Mama." Roseline alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wakutane. "Si ulisema maji ya ziwa isiwakaribie kabisa? Nikaambia wamama, basi hata miguu yao isiguse ziwa. Wageni wote tumewawekea yenu kwa beseni."

Orpah alitazama uani. Mabeseni yalikuwa mengi, na ndani ya kila beseni kulikuwa na miguu ya kijana wa Kehancha iliyotulia kwenye maji aliyoyachemsha kwa mikono yake.

"Yote mmetumia?"

"Miguu ni mingi, na wanaume nao. Lakini usijali, hatuwezi kurudishia mgeni mtungi tupu. Tumejaza tena mpaka juu, na vile vitambaa vyenu tumefunga vilevile."

"Mmejaza na nini?"

Roseline akaonyesha kwa kidevu. Kisiwa ni kidogo. Popote unapoonyesha kwa kidevu ni ziwa.

"Na divai?" Orpah aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Divai ilikuwa nzito na sisi ni wengi leo. Nimeiongeza maji asubuhi." Roseline alikuwa akimkausha vidole, kimoja kimoja, kwa upole ambao mtu humfanyia mama yake. "Yenu ilikuwa imeisha, nikachota tu kwa mtungi wenu tuliojaza; harufu ya dawa bado imo, nikajua itakuwa kama yenu. Sasa yote ni moja. Si ulisema hayana kitu?"

Divai yao ni sharubati ya zabibu isiyochachuka. Haina kileo cha kuua chochote. Miguu ya wageni ilikuwa imepata maji ya kunywa, na vikombe vilikuwa vimepata ziwa.

Kusema sasa ni kukiri kwamba jana alidanganya, tena kumkiria mtu aliye magotini mbele yake. Alianza, "Roseline, sikiliza," lakini Roseline alikuwa tayari amesimama na kumkumbatia kama desturi inavyotaka, na wanawake wengine walikuwa wanaimba wakirudi ndani. Orpah naye ilikuwa zamu yake kuosha. Aliosha miguu ya Roseline haraka, vibaya, macho yake yakiwa mlangoni. Akapanga amshike Mzee Mayaka kabla hajaanza.

Mzee Mayaka alikuwa ameshaanza. Alisimama nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, kichwa kimeinama, na kanisa zima limeinama pamoja naye. Vijana wa Kehancha walikuwa wamewekwa mbele, kwenye benchi za heshima, watakaohudumiwa kwanza. Orpah akaketi nyuma yao. Mkate usiotiwa chachu ukapita.

Kisha sinia la vikombe likaanza kutembea. Ni vikombe vidogo, hata kijiko hakijai vizuri, na desturi ni kwamba hakuna anayekunywa mpaka wote wawe nacho na mzee atoe neno, ili wanywe kwa pamoja. Orpah alishika chake. Alijiambia ni kidogo mno kumdhuru mtu. Alijiambia pia kwamba Mungu hawezi kuruhusu kikombe cha meza yake kimwangushe mtoto wa watu. Wazo hilo lilimtia aibu hapohapo, kwa maana yeye ndiye aliyewafundisha vijana hao miaka yote kwamba vijidudu havijui Sabato. Aliitazama shingo ya Nyamusi mbele yake, na utepe uliofungwa na baba yake mwenyewe siku ya kuondoka. Upande wa pili alimwona Roseline kwenye benchi la mashemasi, amekaa wima, ana furaha ya mtu ambaye kazi yake imependeza. Orpah aliogopa. Hakukumbuka kama aliwahi kuogopa vile, na hofu yenyewe haikuwa ya ugonjwa peke yake. Aliogopa uso ule.

Sinia likafika mwisho. Mzee Mayaka akainua kikombe chake.

Orpah akasimama.

"Vijana wa Kehancha, msinywe. Wekeni chini."

Mirumbe alikuwa amekwisha kukifikisha midomoni, na kwa kuwa alikuwa amelelewa na Mama Chemsha tangu utotoni, alikishusha kabla hajaelewa kwa nini. Wengine wakashusha. Vikombe viligonga mbao za benchi kimoja baada ya kingine. Nyuma yao, watu wa kisiwani walibaki wameshika vyao.

"Dada Orpah," Mzee Mayaka alisema polepole, "kuna nini?"

"Divai imechanganywa na maji ya ziwa, Mzee. Hayakuchemshwa. Samahani. Niliwaahidi wazazi wao."

Mtoto alilia nje, akanyamazishwa. Halafu Roseline akasimama pale kwenye benchi lake, kikombe mkononi.

"Na sisi?"

Kwa vijana wake Orpah alikuwa na maneno, alikuwa nayo wiki nzima. Kwa hawa wengine alitafuta akakosa, na katika kutafuta aligundua kwamba tangu aanze kuchemsha maji uani kwake hakuwahi, hata mara moja, kufikiri kwamba na watu wa Remba wana matumbo.

"Jana ulisema hayana kitu," Roseline akasema.

"Nilisema kwa heshima."

"Na leo?"

"Leo nasema ukweli. Kuna kipindupindu, Roseline. Redio imetangaza."

"Redio tunayo, Mama. Mazishi pia tunayo." Sauti yake haikupanda. "Nilidhani nyinyi mnajua mambo ya maji, na mkasema yetu hayana kitu, nikafurahi. Kwa hivyo mimi shemasi nimewekea wageni sumu kwa meza ya Mungu?"

"Sikusema sumu."

"Hujasema. Lakini kila mtu hapa amesikia."

Akakitazama kikombe, akakinywa. Hakukinywa kwa kiburi. Alikinywa kama mpishi anavyoonja chungu mbele ya wageni wanaonong'ona, na alipomaliza aliketi na kukiweka magotini. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akainua chake pia.

"Hapana," Mzee Mayaka akasema. "Hapana, dada zangu. Wekeni chini wote. Wa hapa na wa huko."

Wakaweka. Mzee alikusanya masinia mwenyewe, akatoka nayo, akaimwaga divai kwenye ufa wa mwamba na kuifukia kwa mchanga, kwa sababu kilichobarikiwa hakimwagwi njiani. Kisha akafanya jambo ambalo kanisa lile lilikuwa halijaliona: alikwenda kwake, akarudi na gunia la makaa, na akawasha moto siku ya Sabato. Kuna walioguna. Alisema kuokoa maisha si kazi, ni ibada, na kama kuna mwenye andiko la kumpinga alilete wakati yeye akipuliza moto.

Kanisa likakaa linaimba, likisubiri maji yachemke. Orpah alimfuata Roseline uani, akasimama kando yake mbele ya sufuria.

"Nisamehe."

"Nimeshakuosha miguu, Mama. Nilikusamehe hapo."

"Kwa nini hamchemshi?"

Aliuliza kwa nia njema, na Roseline alimjibu bila hasira, jambo lililokuwa gumu zaidi kulipokea. "Umeona mti hapa? Kuni inapanda boti kama abiria. Tunachemsha ya mtoto mchanga, na ya mgonjwa. Sisi wengine tunakunywa tu na tunaomba."

"Na ile dawa ya matone?"

"Wakileta, tunatia. Ikiisha, imeisha."

Maji yakachemka. Divai iliyobaki kwenye chupa, ambayo haikuwa imeongezwa maji, ikachanganywa nayo, ikaletwa ndani ikiwa bado vuguvugu, na wakanywa kwa pamoja, wa Kehancha na wa Remba. Mzee Mayaka alisema haijawahi kuwa tamu hivyo. Huenda alisema hivyo kwa ajili ya Roseline.

Waliondoka Jumapili asubuhi. Roseline aliwasindikiza mpaka kwenye boti na akamfungia Orpah omena za kubeba. Orpah alimwachia mitungi yote, mitupu, na huko Sindo alinunua chupa za dawa alizoweza kupata akazipeleka kwa nahodha wa boti inayorudi. Alifanya hivyo kwa moyo mzito. Lilikuwa jambo ambalo angeweza kulifanya alipokuwa akienda, na alilijua hilo njia nzima hadi Kehancha.

Vijana hawakuharisha hata mmoja. Orpah aliwapigia simu kila asubuhi na kuwauliza maswali ambayo vijana hawapendi kujibu. Nyamusi alilalamikia mafua, Orpah akaenda hadi kwao kuthibitisha ni mafua.

Jumatano aliyepiga simu alikuwa Mzee Mayaka. Roseline alikuwa ameanza kuendesha Jumatatu usiku, maji matupu kama ya kuoshea mchele, na kufikia alfajiri alikuwa hawezi kusimama. Walimlaza kwenye boti, wakamvusha hadi Sindo. Alikuwa hai. Daktari alisema wamechelewa kidogo lakini si sana.

"Ni kile kikombe?" Orpah aliuliza.

"Nimemuuliza daktari. Anasema hawezi kujua. Kikombe ni kidogo, na maji anayokunywa kila siku ni yaleyale. Na zile chupa ulizotuma zilifika Jumatatu jioni."

Akampa Roseline simu. Sauti ilikuwa nyembamba, imekauka, lakini ilikuwa yake.

"Mama Orpah, usilie, nasikia unalia. Mimi niko sawa. Wamenitundikia maji, chupa baada ya chupa." Alipumzika kidogo. "Safi kabisa. Nayaangalia yakishuka, nasema hata mimi leo ni mgeni."

Orpah alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika, na mteja aliyekuja kupimwa sare alisubiri, akachoka, akaenda zake.

Sabato iliyofuata kanisa la Kehancha lilimpa kwaya nafasi ya kutoa shukrani. Waliimba, na Nyamusi aliimba vizuri kuliko siku zote. Kisha Maranga akaomba kusema neno. Alikuja mbele akiwa amevaa suti, akamshika Orpah mkono na kuuinua juu mbele ya watu.

"Huyu mama aliniambia nitampata mtoto wangu mzima, na nimempata mzima. Walikwenda mahali pa ugonjwa, wakala, wakalala, wakamsifu Mungu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeugua!"

Kanisa likasema amina.

Orpah alitaka kuutoa mkono, lakini Maranga alikuwa ameushika kwa nguvu, kwa furaha.

"Wetu," akasema. "Hakuna wetu aliyeugua."

"Mmesikia?" Maranga akapaza sauti. "Hakuna wetu aliyeugua!"

Na amina ya mara hii ilikuwa kubwa zaidi.